Nyumba ya Dubai kwa Mshahara wa Mwalimu: Tupige Hesabu Kwanza

Kuna sentensi moja ambayo muhula huu umeisikia, na kama hujaisikia basi utaisikia kabla ya UE: "Unaweza kumiliki nyumba Dubai kwa kulipa asilimia moja tu kwa mwezi." Ipo kwenye status za WhatsApp, ipo kwenye vipeperushi vilivyobandikwa njia ya kwenda kantini, na siku hizi ina watu wake kabisa: wanafunzi wenzetu wanaoitwa "mabalozi", wanaolipwa kwa kila mteja wanayemleta. Balozi hategemewi anunue yeye. Bumu lenyewe linaisha wiki ya tatu, atanunua nini? Anategemewa alete namba ya simu ya mtu mwenye hela: mzazi, mjomba, mhadhiri, mstaafu wa mtaani kwao.

Hoja yangu ni fupi. Sipingi Mtanzania kumiliki nyumba nje ya nchi. Ninachopinga ni mtu wa kipato cha kati, anayelipwa kwa shilingi, kuuziwa nyumba ya ughaibuni ambayo bado ni mchoro, kwa mafungu ya fedha za kigeni, bila kuambiwa kwamba katika biashara hiyo yeye ndiye anayebeba hatari karibu yote. Na napinga zaidi sisi wanafunzi kugeuzwa mlango wa kuingilia mifukoni mwa wazazi wetu.

Nasoma ualimu, kwa hiyo nitafanya kile tunachosisitiziwa kila tukienda BTP: kuonyesha njia, siyo kuandika jibu tu.

Mshahara kwanza

Tuchukue mwalimu wa mfano, mshahara wake shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Nimechagua namba hii kwa sababu ni rahisi kuihesabia. Mfuko wa pensheni unachukua asilimia 5, yaani 50,000. Inayobaki inakatwa kodi ya mshahara, kama 115,500. Bima ya afya asilimia 3, ni 30,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15, ni 150,000, na hili deni wengi wetu tunaosoma gazeti hili tunalo. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, ni 20,000. Jumla ya makato ni 365,500. Mkononi zinabaki 634,500. Hapo hajalipa kodi ya chumba, hajala, hajatuma hela nyumbani.

Sasa tuje kwenye nyumba. Tuseme ni studio, chumba kimoja chenye jiko na choo humo humo, bei yake dirham 600,000. Dirham imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola moja kwa dirham 3.67 hivi, kwa hiyo ukisikia dirham jua unaongelea dola iliyovaa kanzu. Dirham 600,000 ni kama dola 163,000. Tukikadiria dola moja kwa shilingi 2,500, nyumba hiyo ni shilingi milioni 408.

Asilimia moja ya milioni 408 ni milioni 4 na ushee. Kwa mwezi. Gawanya kwa 634,500 uone: mwalimu mmoja hatoshi, watano hawatoshi, sita hawatoshi. Wanatakiwa walimu saba waache kula, waache kupanga, waache kuugua, ndipo chumba kimoja kilipiwe fungu la mwezi mmoja. Na hayo ni mafungu ya kila mwezi tu. Kuna malipo ya mwanzo, ambayo yakiwa asilimia 20 ni kama milioni 82. Kuna ada ya usajili ya Idara ya Ardhi ya Dubai, asilimia 4 ya bei, ambayo kwa kawaida mnunuzi ndiye anayeitoa: zaidi ya milioni 16, na bado hujapata hata kitasa.

Neno "asilimia moja" linasikika dogo kwa sababu halisemi ni asilimia moja ya nini. Hilo ni kosa ambalo mtoto wa darasa la sita akilifanya tunamkata maksi.

Grafu inaanzia wapi?

Balozi akiona umekwama kwenye bei, anahamia kwenye faida. Anakuonyesha grafu ya bei za nyumba Dubai, mstari unapanda kama ngazi. Mimi grafu hizo huwa naziangalia kona ya chini kushoto, pale penye mwaka wa kuanzia. Mara nyingi utakuta 2020 au 2021.

Irudishe nyuma. Dubai ilianza kuwafungulia wageni soko la nyumba 2002, na Sheria namba 7 ya 2006 ikaweka msingi wa mgeni kumiliki katika maeneo maalumu yaliyotengwa. Bei zikapaa. Halafu ikaja misukosuko ya fedha ya dunia ya 2008, bei zikaanguka kwa karibu nusu katika muda mfupi, na Novemba 2009 kampuni kubwa ya serikali, Dubai World, ikaomba wadai wake waisubiri. Soko likanyanyuka, kisha kuanzia 2014 likaanza kushuka tena taratibu hadi 2020. Baada ya hapo ndipo kukaja huu mpando tunaoonyeshwa.

Kwa hiyo grafu haidanganyi, ila imekatwa mkia. Mtu aliyenunua 2008 akauza 2011, na mtu aliyenunua 2020 akauza 2024, wote wawili walinunua Dubai. Mmoja tu ndiye anayealikwa hotelini kutoa ushuhuda.

Ukishindwa kulipa, inakuwaje?

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote, na sijawahi kuona kipeperushi kinachopaeleza.

Nianze kwa kuwapa haki yao. Dubai ina sheria. Sheria namba 8 ya 2007 inamtaka mjenzi anayeuza nyumba zikiwa bado mchoro aweke hela za wanunuzi kwenye akaunti maalumu ya mradi, na mamlaka ya kusimamia sekta hiyo ipo tangu mwaka huo huo. Mradi uliosajiliwa unaweza kuuhakiki kwenye Idara ya Ardhi. Hayo ni mambo mazuri, na mtu akiniambia Dubai ni pori lisilo na sheria nitambishia.

Lakini sheria hiyo hiyo inamlinda na mjenzi. Sheria namba 13 ya 2008, pamoja na marekebisho yake, inasema mnunuzi akishindwa kulipa, baada ya kupewa notisi na taratibu kukamilika, mjenzi anaweza kuvunja mkataba na kubaki na sehemu ya hela. Kama ujenzi umevuka asilimia 60, anaweza kubaki na hadi asilimia 40. Kama umeanza lakini haujafika 60, hadi asilimia 25. Soma vizuri: siyo asilimia 25 ya hela uliyolipa. Ni asilimia 25 ya bei ya nyumba nzima.

Rudi kwa mfano wetu. Umelipa asilimia 20, milioni 82. Mwaka wa pili mambo yanaharibika: umeuguliwa, biashara ya pembeni imekufa, au wenzako mliochanga nao wamejitoa. Jengo liko asilimia 50. Mjenzi anaruhusiwa kubaki na hadi asilimia 25 ya bei, yaani hadi milioni 102. Wewe umelipa 82. Anaweza kuzichukua zote kihalali kabisa, hakuna mwizi hapo, hakuna wa kumshtaki.

Ndiyo maana nasema hatari yote iko upande mmoja. Mjenzi anajenga kwa hela yako. Jengo likipanda bei, mnafaidi wote. Ukiteleza wewe, anabaki na hela na chumba anakiuza kwa mwingine. Dalali alishakula kamisheni yake siku uliyosaini.

Na kuteleza siyo lazima uwe mzembe. Mwaka 2013 dola ilikuwa kama shilingi 1,600. Mwaka 2024 ilipita 2,600. Wauzaji wanaitumia hoja hii vizuri sana: "Shilingi inashuka, weka mali yako kwenye dola." Hoja ni nzuri kwa mtu ambaye tayari amemaliza kulipa. Kwa mtu ambaye bado ana mafungu ya miaka mitano, maana yake ni kinyume: kila shilingi ikishuka, fungu lake linapanda, na mshahara wake haupandi nalo. Kabla nyumba haijamlinda na dola, dola itakuwa imeshamchapa.

Ugeni una gharama

Watanzania tunapaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili, kwa sababu na sisi tuna sheria zetu. Sheria ya Ardhi ya 1999 haimruhusu asiye raia kupewa ardhi Tanzania Bara isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kenya, Katiba ya 2010 inamwekea mgeni kikomo cha miaka 99. Zanzibar, mgeni ananunua nyumba kwenye miradi iliyoruhusiwa, kama ile ya Fumba, na akinunua kuanzia dola 100,000 anaweza kupata kibali cha ukaazi. Hatuwachukii wageni. Tumeamua tu kwamba mwenye nchi kwanza, mgeni baadaye. Sasa kwa nini tunadhani tukivuka bahari sisi ndio tutakuwa wenye nchi?

Mgeni hajui mtaa upi unanuka maji machafu mvua zikinyesha. Hajui jengo la jirani litazuia upepo na mandhari. Hakai pale kumsikia mpangaji akilalamika. Analipa mtu amsimamie, analipa ada ya huduma ya jengo kila mwaka hata chumba kikiwa kitupu, analipia samani, halafu anasubiri. Ukiambiwa kodi italeta asilimia 7 kwa mwaka, toa hivyo vyote kwanza, toa na miezi miwili mitatu bila mpangaji, ndipo uniambie imebaki ngapi.

Na siyo Dubai peke yake. Liverpool, Uingereza, kulikuwa na mradi wa New Chinatown, nyumba ziliuzwa zikiwa mchoro, wanunuzi wengi wakiwa watu wa kawaida wa Hong Kong na China. Ujenzi ulikwama 2016, na wengi waliotanguliza hela walibaki wakihangaika nazo. Uingereza ina mahakama na wanasheria kuliko tunavyoweza kuhesabu, lakini kesi ya kudai hela katika nchi ya mbali inahitaji kwanza uwe na hela ya kuidai.

Shangazi na swali lake

Shangazi yangu alifundisha shule ya msingi mkoani Singida zaidi ya miaka thelathini. Amestaafu. Alichopata baada ya kikokotoo kufanya kazi yake mnaweza kukadiria. Mwaka huu alipigiwa simu na kijana mchangamfu wa kampuni moja, sitaitaja, akaambiwa kiinua mgongo chake kinatosha malipo ya mwanzo, na kwamba mafungu yanayofuata watoto watasaidiana, na ikibidi kuna kiwanja cha mjini kinaweza kuuzwa. Kijana alijua habari za kiwanja. Mimi nilijiuliza amezijua wapi, mpaka nilipogundua namba ya shangazi ilitoka kwa ndugu yetu mmoja anayesoma chuo kingine. Naye ni balozi.

Shangazi akanipigia. "Mwanangu, wewe ndiye msomi wetu, hebu niambie hii kitu ikoje." Tulikaa kwenye simu karibu saa nzima, mimi nikisoma masharti aliyotumiwa, yeye akiandika namba kwenye daftari kama alivyozoea. Nilimweleza asilimia, nikamweleza dola. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo mimi na usomi wangu sikuwa nimelifikia:

"Sasa mwanangu, nikifa, nani atakwenda kuifungua hiyo nyumba?"

Swali hilo lina sheria ndani yake. Hati inabeba jina la aliyesaini. Akifariki, warithi walioko Singida wanahitaji kuthibitishwa na mahakama ya huko iliko nyumba, kwa nyaraka zilizotafsiriwa na kuhakikiwa, na mtu wa kufuatilia. Kama nyumba ililipiwa na ndugu saba kwa kuchangishana na hati ina jina la mmoja, hao sita wana nini mkononi? Risiti za M-Pesa za kumtumia kaka yao.

Hadi naandika, shangazi hajasaini na kiwanja kipo. Ila nyumbani hakuna amani kamili. Kuna ndugu wanaosema nimeziba riziki ya ukoo, kwamba wasomi tunaogopa kila kitu. Sioni ajabu. Mtu akishaonyeshwa picha ya bwawa la kuogelea juu ya ghorofa, anayekuja na kikokotoo anaonekana mchawi.

Basi ni ya nani?

Kuna watu inawafaa, na ni haki kuwataja. Mtanzania anayefanya kazi Dubai au Muscat, analipwa kwa fedha za huko, anaishi huko, kodi anayomlipa mwenye nyumba anaweza kuigeuza kuwa malipo ya nyumba yake. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Deira kufunga mzigo mara kwa mara, ana akaunti, ana wenyeji, ana hela ambayo hata ikikaa miaka mitano bila kuguswa watoto wake hawalali njaa. Hao kipato chao na deni lao vinaongea lugha moja.

Mwalimu, nesi, karani wa halmashauri, hayuko kwenye kundi hilo, na kumwambia ukweli huo siyo kumdharau. Kipato cha kati kina nguvu yake: kinakuja kila mwezi, kidogo kidogo, kwa shilingi. Kinapatana na vitu vinavyoingia kidogo kidogo, kwa shilingi. Kiwanja kilichopimwa kinachojengwa tofali kwa tofali. SACCOS inayosimamiwa vizuri. Vipande vya UTT. Hatifungani za Serikali, ambazo Benki Kuu inazipokea kuanzia shilingi milioni 1, na riba yake imeandikwa tangu siku ya kwanza. Navyo vina hatari zake, lakini ukikwama mwezi mmoja hakuna anayebaki na robo ya bei ya nyumba.

Najua jibu la wenzangu: "Hivyo vitu ni vya polepole, na wengine wametoka kwa kuthubutu." Sawa. Ila tuangalie anayethubutu ni nani. Balozi wa miaka 22 hathubutu chochote, anasubiri kamisheni. Anayethubutu ni mama wa miaka 60 aliyeambiwa na mtu anayemwamini. Kuthubutu kwa hela ya mwingine kuna jina jingine.

Ninachoomba

Kwanza, serikali ya wanafunzi isikodishe ukumbi wala isiweke nembo yake kwenye tangazo la kampuni yoyote ya kuuza nyumba za nje mpaka kampuni hiyo ijibu kwa maandishi, kwa Kiswahili, maswali haya: Mradi umesajiliwa kwa namba gani, na akaunti yake maalumu iko benki gani? Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na ada za usajili na za kila mwaka? Mnunuzi akishindwa kulipa anapoteza nini? Hela inatokaje nchini kihalali, maana mkazi anayepeleka mtaji nje ana masharti ya fedha za kigeni ya kufuata? Anayemleta mteja analipwa shilingi ngapi? Kampuni safi haitapata shida kujibu. Hayo yote yako kwenye mafaili yao.

Pili, mwenzangu ambaye tayari ni balozi. Sikuiti tapeli. Najua bumu likichelewa hali inakuwaje, na najua kamisheni hata ya mauzo mamoja ni hela ya ada ya mwaka. Nakuomba jambo moja tu. Kabla hujatuma namba ya mzazi wako, kaa naye na daftari, mpigie hesabu niliyopiga hapa kwa mshahara wake yeye, kwa deni lake yeye, na umwambie wewe unapata kiasi gani akisaini. Kama baada ya hapo bado anataka, ni mtu mzima, hela yake. Kama unaona aibu kumwonyesha hesabu hiyo, basi usiitume hiyo namba.

Tatu, tunaosoma ualimu. Tutakwenda Nkasi, Tandahimba, Ngara, na kila tutakapofika tutakuwa "yule anayejua". Watu watatuletea mikataba ya mikopo, ya vikoba, ya viwanja na sasa ya nyumba za ng'ambo, watuombe tuwasomee. Kumfundisha mtoto asilimia ubaoni halafu ukashindwa kumweleza baba yake asilimia iliyo kwenye mkataba ni kazi nusu. Tujizoeze sasa, na wa kuanza nao ni watu wa nyumbani kwetu.